Nani Kasema Gitaa Halifundishiki kwa Kiswahili?

Ndugu walimu, wako wenzetu wanaoshikilia kwamba Kiswahili kinafaa kuimbia, lakini hakifai kuelezea jinsi muziki unavyoundwa. Hiyo ni kasumba, nami nakusudia kuipinga kwa mfano mmoja.

Kenani, wilayani Nchelenge, karibu na Ziwa Mweru, ilipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo mwaka 2017. Wengi wao walivuka mpaka na Kiswahili chao. Kijana mmoja wa hao alimwomba mwalimu amfundishe kodi fulani ya gitaa. Wapigaji wasemapo kodi hawataji ushuru, bali sauti kadhaa zinazolia pamoja. Na hiyo aliyoitaka ndiyo wapigaji wa jazi wa Marekani huitumia kuleta wasiwasi kabla ya utulivu. Akajibiwa: "Jifunze Kiingereza kwanza."

Kwa nini kwanza? Tutazame kama lugha yetu inashindwa.

Tuseme do yetu ni C. Hapo ndipo nyumbani. Kodi iliyojengwa juu ya so ina so, ti, re na fa, nayo huielekea do kwa nguvu. Basi tuiite kodi tawala. Sasa re ipandishwe nusu sauti: kodi tawala imegeuzwa. Ziko njia nyingine za kuigeuza, kama vile kuiteremsha re hiyo nusu sauti, lakini tuanze na hii.

Nafasi zilizo baina ya vyuma vya shingo ya gitaa tuziite vyumba. Uzi wa sita, ule mnene, ubonyezwe chumba cha tatu. Wa nne, cha tatu. Wa tatu na wa pili, cha nne. Uzi wa tano na wa kwanza zinyamazishwe. Piga: sikio litahangaika. Kisha fa ishuke chumba kimoja, iwe mi. Ti ipande chumba kimoja, iwe do. Re iliyopandishwa nayo ipande chumba kimoja, iwe mi. Sauti nzito ihamie uzi wa tano, chumba kilekile cha tatu, iliko do. Piga tena: tumefika nyumbani.

Je, Kiswahili kimekwama wapi?

Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Kwa kidole gumba na cha shahada, na kwa nyimbo za Kiswahili, fundi huyo wa Katanga aliwafikia wasikilizaji hadi Kenya. Itakuwa ajabu lugha iliyobeba gitaa lake ikataliwe kulifafanua gitaa hilohilo mbele ya vijana waliotoka upande uleule.

Sikatai kwamba anayeishi Zambia atahitaji Kiingereza, na Kibemba pia. Ajifunze vyote. Ninachokataa ni kuifanya lugha moja kuwa lango la maarifa yote, na mtoto aachwe nje akingoja miaka, hali vidole vyake viko tayari leo.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Walimu wengine wameigeuza methali hiyo kuwa sheria ya darasa. Sisi kazi yetu ni kuieleza maana, tena kwa lugha ambayo mwanafunzi amekuja nayo.