Wakanda na Mwizi Aliyesahauliwa

Filamu ya Black Panther: Wakanda Forever ina dakika 161. Kati ya hizo, dakika chache zinazofuata baada ya mazishi ya Mfalme T'Challa ni miongoni mwa dakika za kisiasa zenye ujasiri mkubwa kuliko zote nilizopata kuziona katika sinema za mashujaa wa Kimarekani. Muda mwingi uliobaki unatumika kuzifuta.

Naandika kama mpenzi wa sinema hizi, wala si kama wale wenzangu wa vyuoni wanaozibeza bila kuzitazama. Filamu ya kwanza, ya mwaka 2018, nimeitazama mara nne, na mara mbili nimeiingiza darasani katika somo la ukoloni mamboleo. Ndiyo maana uchungu wangu ni wa mtu wa ndani.

Tuanze na hizo dakika chache. Malkia Ramonda, ambaye Angela Bassett amemwigiza kwa heshima na hasira ya mama aliyefiwa, anasimama mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Mataifa makubwa yanalalamika kwamba Wakanda haigawi vibraniamu, yale madini ya ajabu yaliyoijenga. Wakati huohuo tunaoneshwa watu wenye silaha wakivamia kituo cha Wakanda huko Ansongo, nchini Mali, ili wayaibe. Wanajeshi wa kike wa Wakanda wanawakamata, wanawaingiza ukumbini wakiwa wamefungwa mikono na kuwapigisha magoti mbele ya dunia nzima. Wavamizi ni Wafaransa. Mjumbe wa Ufaransa hajui atazame wapi.

Msomaji asidhani kwamba tukio hilo lilipita hivihivi. Mwezi Februari 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alililaani hadharani, akiwataja wanajeshi 58 wa nchi yake waliofia Mali. Ikumbukwe kwamba majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameondoka Mali Agosti 2022, miezi mitatu tu kabla ya filamu kuingia kwenye majumba ya sinema. Waziri wa nchi kubwa hababaishwi na mchezo wa kuigiza asipoguswa palipo na kidonda. Kwa kitambo kifupi, sinema ya Hollywood iliuliza swali ambalo bara hili limelibeba tangu enzi za Leopold: nani mwenye haki juu ya mali iliyo chini ya ardhi yetu, na anayekuja kuichukua usiku aitwe nani?

Swali hilo si la kubuni. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoiteketeza Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika ardhi hiyohiyo ya Kongo, na mchimbaji wa Kolwezi hana hata nusu ya lami ya barabara inayopitisha mzigo huo. Wakanda ilipendwa kwa sababu ilikuwa Kongo ambayo haikuibiwa.

Sasa tazama filamu inavyolijibu swali lake. Tunaelezwa kwamba Marekani imepata mtambo wa kutambua vibraniamu, uliobuniwa na mwanafunzi msichana, Riri Williams, na sasa inayatafuta madini hayo chini ya bahari ya Atlantiki. Huko chini kuna taifa jingine lenye vibraniamu, Talokan, la kizazi cha Wamaya waliokimbilia majini katika karne ya 16, wakikimbia Wahispania na ndui waliyoileta. Kiongozi wao, Namor, akiwa bado mtoto, alirudi nchi kavu kumzika mama yake, akakuta watu wa asili yake wakitumikishwa kama punda katika shamba la Mhispania. Alilichoma shamba hilo. Nani kati yetu aliyemlaumu?

Haya, tuna Waafrika ambao hawakutawaliwa, tuna wenyeji wa Amerika waliokataa kutawaliwa, na tuna dola inayowinda mali ya wote wawili. Mtoto wa darasa la saba angejua vita hiyo iwe kati ya nani na nani. Filamu inaamua kwamba iwe kati ya Wakanda na Talokan. Namor anaifurika Wakanda, Ramonda anakufa maji, Shuri anavaa vazi la Black Panther ili alipize kisasi, na watu wa mataifa mawili yaliyoumizwa na historia moja wanachinjana juu ya meli katikati ya bahari. Baada ya shambulio la mwanzo dhidi ya meli ya uchimbaji, Marekani hairushiwi hata jiwe.

Hila hii si mara ya kwanza. Katika filamu ya 2018 Killmonger alisema ukweli mchungu kuliko mhusika yeyote: kwamba Wakanda ilijificha huku Weusi wenzao wakiuzwa utumwani. Ili tusimfuate, mwandishi alimfanya amkabe koo bibi kizee na kumpiga risasi mpenzi wake mwenyewe. Namor naye anasema ukweli kuhusu ukoloni, kwa hiyo lazima amuue Ramonda. Kila anayeutaja ubeberu kwa jina lake hupewa damu ya mtu asiye na hatia mikononi, ili mtazamaji auzike ukweli pamoja na msemaji wake. Ni ufundi wa zamani sana. Wakoloni walituandikia vitabu vya shule kwa mtindo huohuo, na kila aliyepinga kodi aliitwa mchawi.

Kisha kuna Everett Ross, jasusi mwema wa CIA, ambaye katika filamu ya kwanza ndiye aliyezitungua ndege zilizokuwa zikipeleka silaha kwa Weusi wanaoonewa. Safari hii anatiwa pingu na wakubwa wake kwa kuisaidia Wakanda, na Okoye anakwenda kumwokoa. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe iliweka wazi kwamba CIA iliandaa sumu ya kumuua Patrice Lumumba, ambaye hatimaye aliuawa Katanga Januari 17, 1961 kwa mikono mingine. Katika kundi hilohilo ndimo Disney inatutafutia rafiki.

Najua nitakachojibiwa. Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43 tu, na hadithi ilibidi iandikwe upya kwa machozi. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Sehemu za maombolezo ndizo bora katika filamu nzima, na Ryan Coogler anastahili shukrani kwazo. Lakini msiba haukumlazimisha mtu yeyote kuwagombanisha wanyonge. Wengine watasema tushukuru kuonekana: Mkenya Lupita Nyong'o yumo, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala yumo, mavazi ya Ruth Carter yamepata Oscar tena. Nafurahi nao. Ila kuonekana si kusikilizwa, na filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 850 haikuwa fukara wa nafasi ya kusema.

Hata Haiti imetumiwa kama pambo. Tunaambiwa mwana wa T'Challa analelewa huko na jina lake ni Toussaint. Jina zuri! Lakini nchi iliyojikomboa mwaka 1804, kisha mwaka 1825 ikalazimishwa na manowari za Ufaransa kukubali kulipa fidia ya faranga milioni 150 kwa kosa la kuwa huru, inaoneshwa kama ufuo tulivu wa kufundishia watoto. Filamu iliyoanza kwa kumpigisha Mfaransa magoti inamalizikia mahali ambapo Ufaransa inadaiwa zaidi kuliko popote, na haisemi neno.

Filamu ya tatu ikija nitakuwa kwenye foleni, nimebeba bisi zangu kama wengine. Sitaki mapanga mengi zaidi wala manyoya mengi zaidi. Nataka Valentina de Fontaine, yule mkuu wa CIA anayeota siku ambayo Marekani peke yake itamiliki vibraniamu, aketishwe mbele ya Shuri na Namor pamoja, aulizwe ile meli ilikuwa ikitafuta nini, na kwa ruhusa ya nani.