Chombo cha Njia Nne Chatosha Kunasa Kasida Zetu

Katika Mfungo Sita uliopita nilikaribishwa nyumbani kwa jamaa mmoja hapa Mombasa, nikasikilizishwa kasida mpya za vijana wa madrasa. Sauti zilikuwa safi kabisa, hapana mkwaruzo wala kikohozi. Lakini mzee mmoja aliyeketi karibu nami, msomaji wa maulidi tangu utotoni, alitikisa kichwa akauliza, "Hii ni Bayati gani, wanangu?"

Hapana aliyemjibu. Mwimbaji mwenyewe alikuwapo, naye nimemsikia mara nyingi akiimba Bayati bila ya kukosea. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la kompyuta ya studio walikokwenda, ambayo "ilimsahihisha".

Ndugu msomaji, jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1997 ilitoka programu iitwayo Auto-Tune, iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa kutafuta mafuta chini ya ardhi kwa mawimbi ya sauti. Programu hiyo huishika sauti ya mwimbaji na kuivuta hadi kwenye noti iliyo karibu. Noti zenyewe, ikiachwa katika mpango wake wa kawaida, ni zile 12 za kinanda cha Kizungu. Sasa, noti ya pili ya Bayati hukaa baina ya vitufe viwili vya kinanda, na noti ya tatu ya Rasti ni vivyo hivyo. Mpiga udi huipata kwa kidole, mpiga fidla pia, na mwimbaji wetu huipata kooni. Kompyuta huiona kuwa ni kosa, ikaisukuma huku au kule. Fundi ajuaye aweza kuuzima usahihishaji huo au kuupanga vingine. Wangapi wajua?

Ndiyo sababu mimi nasema vijana wetu waache kuzikimbilia hizo programu kubwa zenye njia za sauti mamia, watafute zile ndogo zinazoiga kinasa sauti cha zamani cha njia nne.

Wenye umri wangu huenda wakakikumbuka chombo hicho. Ukanda wa kaseti ya kawaida una nafasi ya njia nne, mbili za upande huu na mbili za upande wa pili. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio 144, iliyozitumia njia zote nne kwa pamoja zikienda upande mmoja. Ukanda ulikwenda mwendo mara mbili ya ule wa kawaida ili sauti iwe nzuri, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ilitoa dakika 15 tu. Waimba katika njia ya kwanza, warudisha ukanda nyuma, wajisikiliza masikioni huku ukipiga tari katika njia ya pili. Zikijaa tatu, wazichanganya na kuzihamishia katika ya nne, kisha wafuta zile tatu na kuanza upya. Ukishafuta, umefuta, kwa hiyo ilikubidi ujue utakalo kabla ya kubonyeza kitufe.

Si chombo cha kudharauliwa. Mapema 1982, huko New Jersey, Marekani, Bruce Springsteen aliketi nyumbani kwake na Portastudio akaimba nyimbo kwa gitaa, ili wenzake wa bendi waje wazijifunze. Walipozirudia studio, hazikupata ladha ile. Mwishowe kaseti ile ile, aliyokuwa akiibeba mfukoni bila ya ganda, ndiyo iliyofanywa sahani, ikaitwa Nebraska, nayo ikauzwa mwaka huo huo.

Leo chombo hicho ni programu. TEAC wenyewe, kwa jina lao la Tascam, walitoa mwaka 2010 programu ya iPad iliyoichora Portastudio kwenye kioo, pamoja na kaseti izungukayo na mishale ya kupima sauti. Wengine wametengeneza za namna hiyo kwa simu na kompyuta. Hata Audacity, iliyotoka mwaka 2000 na isiyolipiwa hata senti, yaweza kutumiwa hivyo hivyo: wabonyeza kitufe chekundu, waimba, wasimamisha, kisha waongeza njia nyingine juu yake. Usipoiamrisha kuigeuza sauti, haiigeuzi.

Najua nitaambiwa kwamba kasida na taarabu si kazi za kuimbwa vipande vipande, kila mtu peke yake na spika zake masikioni. Ni kweli, na hapo nakubali. Mwimbaji na kiitikio hutazamana. Ukiwatenganisha, matari yanapoa. Basi wote na waimbe pamoja katika njia ya kwanza, maikrofoni moja katikati, na wenye matari wasogee nyuma kidogo. Njia tatu zilizobaki ni za kuongeza kile kilichopungua. Tena wawe waangalifu: baadhi ya simu hukurudishia sauti yako imechelewa kidogo, na mpiga tari akiifuata hiyo atatoka nje ya mapigo. Waya wa masikioni hupunguza ubaya huo kuliko zile spika zisizo na waya.

Ama bendi yenye fidla sita, ganuni na akodioni, hiyo yataka studio hasa na fundi mwenye sikio. Sisemi studio zifungwe. Nasema kikundi cha madrasa hakina haja ya kulipa fedha kwa saa ili sauti za watoto zinyooshwe kama nguo pasini.

Vijana wale nao wamelifikiri jambo hili. Juma lililopita walikutana tena, safari hii katika chumba cha darasa, mikeka imetundikwa ukutani kuzuia mwangwi, na kompyuta ya kuazima. Kasida ile ya Bayati imekwisha kunaswa katika njia tatu. Ya nne wameiacha tupu kwa ajili ya yule mzee, ambaye amekubali kuja Ijumaa baada ya Alasiri, mafua yake yakipungua.