Mzinga Ulikuwa wa Asali

Hapa Ntinda, ukimsalimu mtu kwa Kiswahili huenda akakuuliza kama wewe ni askari. Wengi bado wanakiita lugha ya bunduki. Napinga, na shahidi wangu ni majina yenyewe ya silaha.

Silaha ni neno lenye asili ya Kiarabu. Bunduki na risasi pia. Mzinga ndilo neno letu la Kibantu: gogo lililotobolewa, likatundikwa mtini ili nyuki waweke asali. Silaha ile kubwa ilipoonekana, wasemaji waliona gogo lenye uwazi, wakaipa jina la nyumba ya nyuki. Waganda nao husema omuzinga kwa vyote viwili, na hakuna anayeuita Luganda lugha ya vita.

Mtu atasema kwamba waliotutesa walitoa amri kwa Kiswahili. Ni kweli kilisemwa kambini tangu enzi za KAR, na Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Lakini Kapteni Lugard, Mwingereza, alitumia bunduki ya Maxim katika vita vya Mengo mwaka 1892. Mbona Kiingereza hatukiogopi? Kosa ni la mshika bunduki, si la ulimi wake.

Tangu 2005 Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Wenzangu tutakaokwenda kufundisha, mwanafunzi akituuliza kuhusu bunduki, tumwanzie na mzinga: asali kwanza, baruti baadaye.