Mfalme Hazai Peke Yake

Video zote za Kuala Lumpur ni moja. Mtu ametua jana, leo yuko kwenye kibanda cha barabarani, amevaa glavu za plastiki, ameshika kipande cha duriani cha manjano iliyokolea. Anauma. Anafumba macho. Anatamka maneno mawili, Musang King, halafu anatuhakikishia sisi tuliobaki nyumbani kwamba hilo ndilo duriani, na mengine yote ni ya watu wasiojua.

Tunda lenyewe halijanikosea. Wanaonikera ni hawa wanaolivisha taji kila siku, kana kwamba msitu mzima wa miduriani ulikuwa unangoja mti mmoja uzaliwe ndipo wengine waombe radhi kwa kuwepo.

Hebu tuanze na daftari. Malaysia ina daftari la miduriani. Idara ya Kilimo ya huko ilianza kuliandika miaka ya 1930, enzi za Mwingereza, na kila aina inayokubaliwa hupewa herufi D na namba. Namba zimeshapita 200. Na namba ni foleni tu: aliyefika mapema kaandikwa mapema. Haikwambii lipi tamu na lipi chungu (na ndiyo, kuna walaji huko wanaotafuta chungu makusudi). D24 iliandikishwa 1937. Musang King ni D197, iliyoandikishwa 1993, na kabla ya umaarufu watu wa Kelantan waliiita Raja Kunyit, yaani mfalme manjano, manjano hii hii ya kwenye mchuzi. Musang ni mnyama tunayemwita fungo. Kwa hiyo tunda ambalo wasee wanalipandia ndege ni Mfalme Fungo, na hapo sina neno, jina ni zuri. D200 ni Duri Hitam, mwiba mweusi, iliyoandikishwa 2015. Duri ni mwiba, na kwenye neno hilo ndiko lilikotoka duriani, ambalo Kiswahili kililipokea kitambo. Wazanzibari wanaokula duriani hawakungoja video ya mtu.

Lakini mimi nataka kuongea kuhusu D10.

D10 huitwa Durian Hijau, duriani la kijani. Limo kwenye kurasa za mwanzo kabisa za daftari. Hakuna anayelifungia safari, hakuna anayelipigia picha. Sasa sikiliza lilichofanya. D24 ndiyo iliyokuwa kipenzi cha nchi kabla ya D197, ikapandwa kila mahali, na ina udhaifu mmoja mkubwa: hushikwa kirahisi na kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi na kupasua gome la shina hadi mti ukauke umesimama. Watafiti wa taasisi ya kilimo ya serikali, MARDI, walipotaka miti mipya yenye sifa bora, waliichukua D24 wakaizalisha na nani? Na D10. Watoto wao waliitwa MDUR 78, MDUR 79 na MDUR 88, wakaingia daftarini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama D188, D189 na D190. Yaani yule asiye na jina sokoni ndiye aliyeitwa kuja kuchanganya damu na staa.

Na hao watoto je? Uliza mpenzi yeyote wa duriani hapa Nairobi kama amewahi kusikia D190. Atakuangalia kama umemsomea namba ya matatu isiyofika mtaani kwake.

Watu hudhani aina zisizojulikana ni urembo, kama stempu za zamani: zikiwepo sawa, zikipotea tutasikitika kidogo kisha tuendelee kula. Kwa duriani hesabu haiko hivyo. Aina nyingi za mduriani hazishiki mimba vizuri kwa chavua yao wenyewe. Shamba likiwa la Musang King tupu, kila mti pale ni kipande cha mti mmoja, kikonyo kilichopandikizwa juu ya mche mwingine, mara elfu. Elfu hao kimaumbile ni mmoja, na chavua ya jirani ni sawa na yako mwenyewe. Maua yatachanua, mengi yatadondoka bure, na matunda mengine yatatoka yamepinda, upande mmoja umejaa, mwingine mtupu. Ndiyo maana mkulima anayejua kazi yake huacha miti ya aina nyingine katikati ya hiyo ya bei. Yule mfalme kwenye kibanda, aliyepimwa kwa gramu, ana mzazi wa pili, na mara nyingi ni mti ambao mnunuzi angeukataa kwa jina.

Na anayeibeba hiyo chavua ni popo. Ua la mduriani hufunguka jioni, na kufikia alfajiri kazi imekwisha. Popo wa mapangoni hutoka kwa maelfu, huruka kilomita nyingi kwa usiku mmoja, wanalamba asali ya maua na kuondoka na chavua kwenye manyoya. Lakini miduriani huchanua kwa msimu, na popo anakula mwaka mzima. Miezi mingine huishi kwa maua ya miti mingine, ikiwemo mikoko ya ukoo wa mlilana, mlilana huu huu tulio nao Lamu na Kwale. Sasa ng'oa kila kitu upande aina moja inayochanua kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja, halafu ujaze udongo kwenye mikoko ujenge hoteli, uone popo atakuja kukufanyia kazi na nini tumboni.

Pesa ndiyo iliyoleta haya, wala si siri. China ilikubali kupokea duriani zima la Malaysia likiwa limegandishwa, na tangu 2019 likawa linapita. Mwaka 2024 ikafungua mlango kwa tunda bichi pia. Soko la ukubwa ule likitaka jina moja, mashamba yatatoa jina moja. Miti ya D24 ilikatwa vichwa ikapandikizwa D197 juu yake. Miduriani ya kijijini, ile iliyoota kwa mbegu, ambayo kila mmoja ni mtu wake mwenyewe kwa sababu mbegu ya duriani haimfuati mama, hiyo ndiyo kwanza kukutana na msumeno.

Mtaniambia: wewe umekaa na simu yako Nairobi, mkulima wa Pahang ana karo ya kulipa. Kweli kabisa. Simlaumu hata kidogo aliyepanda kinachonunuliwa. Lakini angalia alichovuna. Wilaya ya Raub, huko Pahang, ilijipatia sifa kwa Musang King, na wakulima wengi walikuwa wamepanda kwenye ardhi ya serikali bila hati, wengine kwa miaka mingi, hakuna aliyewasumbua wakati tunda halina bei. Bei ilipopanda, mwaka 2020 serikali ya jimbo ikaikabidhi kampuni maelfu ya ekari hizo, na wakulima wakaambiwa watie saini wawe wanaiuzia kampuni mazao yao. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2021 miti ikaangushwa, na Aprili 2025 misumeno ikarudi. Wanaosema jina moja kubwa ndilo linalomkomboa mkulima wanieleze Raub. Jina ndilo lililomwonyesha mwenye nguvu pa kuja kuchukua.

Na msidhani naongelea watu wa mbali. Murang'a tunafanya yale yale kwa avokado. Hass imekuwa ndiyo avokado, nukta. Miti ya Fuerte inakatwa vichwa na kubadilishwa, ile ya kienyeji inaitwa ya kulishia ng'ombe. Ilhali ua la Hass na ua la Fuerte hufunguka kwa saa zinazopishana, mmoja asubuhi yuko jike wakati mwingine anamwaga chavua, na ndiyo sababu hushauriwa zipandwe pamoja. Ilhali mche wenyewe unaoibeba Hass, ile sehemu iliyo chini ya ardhi inayotafuta maji, mara nyingi umeoteshwa kwa kokwa la kienyeji. Tunamkanyaga aliyetubeba mabegani, kisha tunashangaa kwa nini anatikisika.

Kwa hiyo daftari silichukii, kinyume chake. Ndilo linalonipa jeuri ya kulitaja D10 leo, karibu miaka tisini baada ya wenzake wa kurasa za mwanzo kuandikwa. Kuandikishwa pale hakumpi mtu umiliki wa mti. Ni kumbukumbu ya umma kwamba huyu yupo, anatoka pahali fulani, anafanana hivi. Ninachokataa ni kulisoma kama jedwali la ligi, timu moja juu na nyingine zote zikishuka daraja. Na ninakataa zaidi serikali na taasisi zinazoandika namba 200 na zaidi kisha kutangaza mbili ugenini.

Wewe unayefunga safari mwezi wa sita, msimu ukiwa umekolea, fanya hivi. Kula Musang King yako, piga video, sawa. Halafu mwulize muuzaji leo ana nini kingine. Mwambie akufungulie la kijijini lisilo na namba, wanaliita durian kampung. Mwulize kama kuna mtu bado anamletea Hijau. Kama hakuna, mwulize tangu lini, na uweke jibu hilo kwenye video. Na ukirudi, ukipita Marikiti, ukaona Fuerte ile ya ngozi laini ya kijani imetupwa pembeni ya rundo la Hass, usianze kuomba upunguziwe bei.