Kijiji cha Watalii, Wenyewe Wanalala Mjini!

Ukimwambia mshikaji kwamba unakwenda Ufaransa, kichwani kwake ni Paris tu: mnara wa Eiffel, manukato na pamba za nguvu. Binamu yangu anayesoma Toulouse, aliyenialika, wala hakuwa na habari na hayo. Alinipeleka shamba. Ndiyo, shamba, majuu huko huko!

Kijiji chenyewe kinaitwa Saint-Cirq-Lapopie. Tulipanda treni hadi Cahors, halafu basi linalofuata bonde la mto Lot, likatushusha ng'ambo. Kuanzia hapo ni kuvuka daraja na kuupanda mlima kwa miguu, na raba zangu za mtumba zilikiona cha moto. Kijiji kimekaa ukingoni mwa jabali, karibu mita 100 juu ya mto, nyumba zimebanana kama abiria wa daladala asubuhi.

Ni bomba ile mbaya, tusidanganyane. Kuta za mawe, mapaa ya vigae vya kahawia yaliyochongoka, vichochoro ambavyo mibonge miwili ikikutana lazima mmoja arudi nyuma. Nyumba nyingi ni za kati ya karne ya 13 na ya 16. Enzi hizo koo tatu za mabwana, Lapopie, Gourdon na Cardaillac, ziligawana jabali hilo hilo moja. Ebu fikiria umbea wake! Mwaka 1471 mfalme Louis wa 11 akaamuru ngome ibomolewe, na leo pale juu ni magofu na watu wanapigana picha.

Mimi mabwana hawakunisisimua sana. Walionigusa ni mafundi. Hapa palikuwa na wakereza mbao waliosifika kwa kutengeneza bilula za mapipa ya mvinyo, na mvinyo wa Cahors wenyewe ulishuka na mashua mtoni hadi Bordeaux. Vichochoro vingine bado vina majina ya kazi zilizofanyika humo, za ngozi, za masufuria. Halafu soko likafa, vijana wakala kona kwenda mijini. Nionavyo mimi, ndiyo maana kijiji kimebaki vile vile: waliobaki hawakuwa na mshiko wa kuvunja na kujenga upya.

Baadaye wasanii wakapagundua. Mshairi André Breton alinunua nyumba huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2012 watazamaji wa televisheni wakakichagua kuwa kijiji kinachopendwa kuliko vyote Ufaransa, basi tena, ikawa foleni. Wakazi wa eneo lote hilo ni kama 200 tu, wageni kwa mwaka ni malaki.

Tukakaa kwenye mgahawa, kahawa kikombe cha kuchezea watoto. Kijana aliyetuhudumia ni rika langu, na binamu akawa mkalimani. Nikamwuliza, unaishi nyumba ipi kati ya hizi nzuri? Akacheka, akaonyesha kwa kidevu nyumba moja yenye madirisha ya buluu, imefungwa.

"Ile ilikuwa ya babu. Paa lilikuwa linavuja, akaiuza, akanunua trekta kuukuu."

"Sasa wewe unalala wapi?"

"Cahors. Huku chumba cha kupanga mwaka mzima utakitafuta mpaka uchoke. Wenye nyumba wanapangisha kwa wiki, kwa watalii. Mwenye ile ya babu anakuja Agosti."

Nikauliza kama babu alipunjwa. Akasema hapana, siku ile nyumba haikuwa na mteja mwingine, na trekta lililima miaka mingi. Hakusema kwa uchungu, alisema huku anafuta meza. Mimi ndiye niliyepandwa na hasira kwa niaba yake, na binamu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Maana ukweli wa upande wa pili nao upo. Watalii wasingekuja, kijana yule asingekuwa na meza ya kufuta, na nyumba ya babu pengine ingekuwa rundo la mawe. Hela ya mgeni ndiyo iliyotengeneza paa. Ila paa likishatengenezwa, mjukuu hana ubavu wa kulala chini yake.

Ilipofika jioni makundi ya watalii yakateremka kwenda kwenye magari. Maduka ya vyungu na ya mbao yakafungwa moja baada ya jingine. Nilihesabu madirisha yenye taa katika kichochoro kizima: manne. Kijana wetu akapanga viti, akavaa koti, akatupa lifti mpaka Cahors kwenye kigari chake, akisikiliza redio kwa sauti ya juu kama dereva wa kwetu.

Haya, wiki ijayo panapo majaliwa, tukutane hapa hapa.