Boti juu ya trela ni gari tu!

Jumamosi ya juzi nimepoteza ndala mpya, simu yangu imeingia maji ya chumvi (mnaonitafuta, mnisamehe, imekata roho) na kidogo tu tuipoteze pikapu ya mama wa mshkaji wangu. Yote hayo kwa sababu ya kuteremsha boti ya mita 5 kutoka kwenye trela. Mita tano, ndugu zangu. Sizungumzii meli.

Niwape mkasa wenyewe, halafu niseme linaloniwasha.

Huyu mshkaji na kaka zake wawili walichangishana wakanunua boti ya fiber iliyotumika, na mashine yake ya farasi 40, na trela. Mpango ni kuvua wikiendi na kuikodisha siku nyingine. Boti inalala nyumbani Tegeta, uani, kwa sababu ukiiacha ufukweni usiku, asubuhi unaweza kuikuta boti ila mashine usiikute. Kwa hiyo kila wanapotaka kwenda baharini lazima waifunge kwenye pikapu, waivute hadi pwani, waishushe, na jioni waipandishe tena. Kwenye karatasi ni kazi ya dakika kumi.

Tulifika upande wa Kunduchi saa nne asubuhi tukiwa na vyambo, soda na kelele nyingi. Bahari haikuwepo. Kweli tena, ilikuwa imekwenda zake! Ilikuwa siku za bamvua, na pwani ya Dar wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inazidi mita 3. Mita tatu si nyingi ukizipima ukutani, lakini ufukwe ukiwa umelala, ukishuka mita 2 tu kwa kila mita 100, mita tatu hizo zinakuwa mita 150 za kutembea juu ya mchanga uliolowa. Watu watano tuliomaliza vyuo, hakuna aliyekuwa ameangalia jedwali la maji. Tuliangalia foleni ya barabara ya Bagamoyo tu.

Tukaamua kurudisha gari nyuma kuyafuata maji. Mnajua kilichofuata. Tairi za nyuma za pikapu zikazama, dereva akakanyaga mafuta, zikazama zaidi. Trela nalo likakaa kitako. Hapo ndipo tulipoanza kupiga hesabu ambayo tungeipiga nyumbani. Mashine ya farasi 40, ya mipigo miwili, inazidi kilo 70. Madumu mawili ya petroli ya lita 25 ni kama kilo 37. Betri, nanga, kamba, kreti la soda. Halafu ndani ya boti mlikuwa na maji ya mvua ya wiki nzima, kwa sababu mtu fulani (simtaji, anasoma hapa) aliiacha uani kizibo kikiwa kimefungwa. Kila lita ya maji ni kilo moja. Tulipofungua kizibo tukakaa kuyaangalia yakitoka, yakitoka, yakitoka.

Nayo bahari ikaanza kurudi. Maji yalipofika kwenye ekzosi ya pikapu hakuna aliyekuwa anacheka.

Waliotuokoa ni wavuvi. Alikuja mzee mmoja na vijana wake kama sita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kawaambia mje bahari ikiwa haipo?"

Hakungoja jibu. Akaamuru trela litolewe kwenye gari, upepo upunguzwe kwenye tairi za pikapu mpaka zitepete, mbao na makuti yawekwe chini yake, na sisi wote tusukume. Ikatoka. Tukadhani sasa itakuwa zamu ya boti, tukajipanga kusukuma. Mzee akatukataza. Akatwambia tufunge kizibo, tufunge kamba ndefu kwenye trela, nyingine kwenye boti, tukae tule mihogo. Maji yatakuja yenyewe.

Na yakaja. Saa saba boti ikanyanyuka juu ya trela bila mtu kuigusa, ikaelea kama jani. Trela tukalivuta kwa ile kamba ndefu, pikapu ikiwa juu kabisa kwenye ardhi ngumu. Tulipata changu wawili siku ile, nao tukawaachia wale vijana.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku hiyo, nikauliza mafundi, nikasoma, na nimegundua kwamba kushua boti kutoka kwenye trela hakuhitaji misuli kabisa. Ukiona watu wanane wamevimba mishipa ya shingo, ujue kuna kitu hakikufanywa mapema. Boti inatakiwa ielee, isisukumwe. Kama maji yamefika usawa unaotakiwa, boti ya nusu tani haina uzito. Kama hayajafika, hata mtumbwi ni mzigo.

Kwa wenye trela, au wanaoota kuwa nalo, haya machache. Trela lenye mbao zilizofunikwa zulia linashika boti vizuri barabarani lakini linahitaji kuzama zaidi ndipo boti iachie. Lenye rola boti hushuka kwa urahisi hata maji yakiwa machache, ila hapo usije ukafungua mkanda wa winchi kabla tezi haijaingia majini, maana boti itateleza yenyewe na kutua kwenye zege. Nimeambiwa sauti yake haisahauliki. Kuna watu huongeza bomba la chuma la mita mbili au tatu kati ya gari na trela, gari linabaki pakavu na trela linakwenda mbali. Ni kazi ya fundi wa kuchomelea yeyote hapo mtaani, mradi chuma kiwe kinene na mnyororo wa usalama usisahaulike.

La pili ni beringi, na hili wengi hatulijui. Umetoka Tegeta hadi pwani, beringi za trela zimepata moto. Ukizitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji ya chumvi kupita kwenye sili. Grisi inaharibika, kutu inaingia, na siku moja gurudumu linakupita ukiwa barabarani. Dawa yake ni kusubiri kama nusu saa zipoe, kisha ukirudi nyumbani umwagie trela zima maji baridi ya bomba, na grisi ibadilishwe mara kwa mara. Trela letu lilikaa baharini saa tatu nzima. Mshkaji amefungua magurudumu Jumapili, grisi imekuwa kama maziwa.

Na kwa wale wanaohangaika kurudisha nyuma gari lenye trela, maana kila mtu ni bingwa mpaka siku anapojaribu: shika usukani kwa chini. Unataka trela liende kushoto, peleka mkono kushoto. Kulia, kulia. Basi. Ningelijua hili miaka mitano iliyopita ningeokoa geti la nyumba fulani Sinza.

Sasa niingie kwenye lile linaloniwasha.

Tanzania ina pwani ya zaidi ya kilomita 1,400, hujaweka Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa. Je, wewe msomaji, unaweza kunitajia sehemu tano za umma ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kwenda na trela lake, akakuta mteremko wa zege unaoingia majini, akashusha boti na kuondoka? Mimi nimejaribu kuwaza, nimekwama mapema sana. Sehemu nzuri ziko ndani ya mahoteli na klabu, uwe mwanachama au ulipe. Vivuko vina miteremko yake, sawa, lakini ni ya vivuko na ina foleni yake. Jina maarufu kuliko yote Dar kwa habari hii ni Slipway kule Msasani, ambayo kweli iliwahi kuwa karakana ya boti, na leo tunakwenda kula aiskrimu na kupiga picha jua likizama. Sina ugomvi na aiskrimu. Ila inachekesha kwamba jina limebaki na tuliowengi hatujui lina maana gani.

Mteremko wenyewe si teknolojia ya kwenda mwezini. Ni zege lenye mifereji ili tairi zisiteleze, likishuka kati ya sentimita 12 na 15 kwa kila mita moja. Ukiwa mlalo kuliko hapo, gari litaogelea kabla boti haijaelea. Ukiwa mkali kuliko hapo, gari halitapanda tena. Uanzie juu ya mstari wa maji kujaa na ufike chini ya mstari wa maji kupwa, ili mtu asilazimike kungoja saa tatu akila mihogo. Mwanza tumejengewa chelezo cha kuundia na kukarabati meli kubwa, na nikapongeza kama wengine. Naomba sasa vile vidogo.

Najua kuna atakayesema: huyu amepotea, boti za trela ni anasa za watu wa Masaki, wavuvi wetu wanasukuma vyombo vyao juu ya magogo tangu enzi za mababu. Kweli, wanasukuma. Nenda kawaangalie migongo yao wakifika miaka hamsini. Ngalawa ni nyepesi na inaelea kwenye maji ya magotini, lakini miaka hii ya karibuni Serikali yenyewe imekuwa ikikopesha vikundi vya wavuvi boti za kisasa za fiber, zenye mashine nzito. Boti ya namna hiyo ikiharibika, au ikitakiwa kupelekwa kwa fundi, itatolewa majini wapi? Kwa mabega ya watu ishirini?

Lakini kilichonikosesha usingizi si uvuvi. Ni Bukoba.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilianguka kwenye Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Walipona 24, wakafa 19. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana Majaliwa Jackson akajulikana nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango wa ndege kwa kasia. Akapongezwa, akapewa fedha, ikaagizwa aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Yote alistahili. Tulimshangilia sana ushujaa wake, na tukasahau kujiuliza swali jepesi: kwa nini mvuvi alifika kwanza? Alifika kwanza kwa sababu mtumbwi wake ulikuwa pale ziwani, karibu, na hakuhitaji gari, wala trela, wala mteremko.

Miaka minne kabla yake, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa inakaribia gati la kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa. Pale tena waliowahi walikuwa wa pale pale.

Kila baada ya msiba tunasikia habari ya kununua boti za uokoaji. Vizuri, zinunuliwe. Ila mimi niliyeshinda saa tatu ufukweni nikiangalia boti nzima, yenye mashine nzima na mafuta tele, isiyoweza kwenda popote kwa sababu ilikuwa mita thelathini kutoka majini, nina swali langu dogo. Hizo boti zitashukia wapi? Boti iliyo juu ya trela ni gari tu, tena gari lisilo na injini ya kuliendesha. Mwenye dhamana anapopokea boti mpya na kukata utepe, mwandishi mwenzangu uliye pale naomba uulize: kutoka ilipoegeshwa mpaka ielee, ni dakika ngapi? Na maji yakiwa yamekupwa, ni dakika ngapi? Mwombe waishushe mbele yako. Usiandike habari mpaka uione inaelea.

Nimeuliza fundi mmoja wa ujenzi, bila kumlipa, akasema mteremko wa upana wa gari moja si kazi kubwa kuliko kalavati za barabarani tunazojenga kila mwaka. Kazi yake kubwa ni kuchagua mahali, pasiwe na mawimbi makali wala mchanga unaohama, na kupata eneo lenyewe kabla halijazungushiwa ukuta wa mtu. Na kuta, kama mnavyojua, zinakwenda mbio kuliko zege la umma.

Jumamosi ijayo tunarudi. Mshkaji ameshachomelewa lile bomba la mita mbili na nusu, amenunua grisi, na kizibo amekifunga kwa kamba kwenye funguo za gari ili asikisahau. Safari hii tumeangalia jedwali: ni maji mafu, maji hayatakwenda mbali. Yule mzee tumemnunulia tambi za kuvulia na kilo mbili za sukari. Pikapu ni ya kukodi. Mama amekataa.