Sampla na Maneno ya Wazee

Wapo wanaodai kuwa sampla, mashine inayonasa kipande cha sauti na kukigeuza, ni adui wa sanaa yetu. Sikubaliani nao. Lawama ni ya mtumiaji asiyejua anachokigeuza.

Tuitazame SP-1200, iliyotolewa Marekani mwaka 1987. Uwezo wake wote wa kunasa ulikuwa sekunde 10 hivi. Watunzi wa hip-hop waliicheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya mizunguko 45, wakainasa, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Nafasi ikatosha, na ule mkwaruzo uliotokea ukawa ladha.

Je, mwanafunzi wetu anayenasa maneno ya bibi yake ili ayatilie muziki afanyeje? Katika Kikuyu, Kikamba na Dholuo, toni hubeba maana. Akiishusha sentensi nzima kwa kiwango kimoja, maana husalia, kwa kuwa toni ni uhusiano wa juu na chini baina ya silabi. Lakini akitumia programu kama Auto-Tune, iliyozuka mwaka 1997, na kuilazimisha kila silabi ifuate noti, uhusiano huo waweza kuvunjika, na neno likageuka jingine.

Kwa hiyo mwalimu wa muziki na mwalimu wa lugha washirikiane kulifundisha jambo hili. Rekodi ya awali ihifadhiwe bila kuguswa. Nakala ndiyo ikatwe. Mashine haijui maana. Mwanafunzi hana budi kuijua.